Wifi Yangu na Mkono wa Roboti

Wifi yangu ni mwoga, na wala hasemwi kwa siri. Yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kulitangaza. Ukimcheka atakujibu kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, kisha atakwenda kuhakikisha tena kwamba jiko limezimwa. Ni muuguzi katika kliniki ya macho. Kutwa anashinda na watu waliofikwa na ajali: fundi vyuma aliyerukiwa na cheche, mtoto aliyechomwa na ncha ya penseli, bwana mmoja aliyefungua chupa kwa mbwembwe mbele ya wageni na kizibo kikamrudia usoni. Wote hao anarudi nao nyumbani kichwani. Ndiyo maana kaka yangu, mume wake, mtunza ghala mpole asiye na maneno mengi, hukaanga mayai akiwa amevaa miwani ya plastiki. Siku moja nilimuuliza kama haoni haya.

"Dada," akasema bila kugeuka, "haya ninaziona, ila amani naipenda zaidi."

Mimi nafundisha udereva. Kazi yangu ni kukaa kando ya watu wanaoweza kuniua kabla ya chakula cha mchana, na nikitoka hapo nakula vizuri tu. Wifi aliniona kichaa, mimi nikamwona mgonjwa, na tukapendana hivyo hivyo.

Mtoto wao wa kwanza, binti, tunamwita Nati, kwa sababu kila nguo yake ikifuliwa, chini ya beseni hubaki nati moja au mbili zilizotoka mifukoni. Yuko sekondari, na shuleni kwao kuna timu ya roboti. Kwa wasiojua, wanafunzi hutengeneza mashine yenye magurudumu, kubwa kidogo kuliko kreti la soda, wanaiendesha kwa kifaa cha mkononi, nayo inaokota mipira laini sakafuni na kuirusha ndani ya kapu lililoinuliwa juu. Wapinzani nao wanarusha, na wanaruhusiwa kukuzibia njia.

Mwaka uliotangulia roboti yao ilikuwa na kirushio kilichokazwa kwa bolti, hakipandi wala hakishuki. Kilikuwa hodari kweli, mradi roboti isimame mahali pamoja tu, mbele ya kapu. Ukisogea kidogo, mpira unagonga ukingo. Wapinzani hawakuhitaji akili nyingi. Walikwenda kuegesha roboti yao pale pale, na mchezo ukaishia hapo. Nati alilia kwenye gari langu mpaka nyumbani.

Alipomaliza kulia akaanza kuchora. Alichobuni ni mkono wa chuma chepesi, urefu wa mkono wa mtu mzima, wenye magurudumu mawili ya kurushia kwenye ncha yake. Ukiwa karibu na kapu unaupandisha, ukiwa mbali unaushusha, na kwa hiyo unarusha kutoka popote. Shida yake ilikuwa uzito. Mota peke yake ilikuwa inahema. Basi wakafunga vipande vya tyubu ya baiskeli, vimevutwa kwelikweli, viusaidie mkono kupanda. Kilichouzuia usifyatuke ni mnyororo mmoja tu uliotoka kwenye mota.

Anayeendesha roboti ni kijana wa darasa lao, mrefu, mtaratibu, wanamwita Kepteni. Yeye hakuutaka huo mkono, na jioni moja walibishana jikoni kwa wifi huku chai ikipoa.

"Kile cha zamani nakijua," Kepteni alisema. "Nafika, nasimama, narusha. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje."

"Hizo kenda zenyewe hukuzishika," Nati akamjibu. "Walikaa mahali pako, ukabaki unazunguka kama pia."

"Lakini mkono huu, nikiwa katikati ya mchezo, nitajuaje niuweke wapi? Kila mahali una hesabu yake."

"Utazoea."

Wifi aligeuka kutoka kwenye sinki. "Mimi niko na Kepteni. Hicho kisichosogea ndicho kizuri."

"Mama, hata hujui tunaongelea nini."

"Najua kuna kimoja kinatulia na kingine kinafyatuka. Inanitosha."

Tulicheka sote, na yeye akacheka pia.

Kicheko chake hakikudumu. Wiki hiyo akaletwa kliniki mzee mmoja aliyekuwa akifungua mlango wa gereji yake, springi ikakatika, ikampiga jichoni. Jicho lile halikupona. Wifi ndiye aliyemshika mkono wakati daktari akimweleza. Alirudi nyumbani, akaweka mkoba mezani, akasimama akimtazama Nati anavyokula, mpaka Nati akauliza, "Nina nini usoni?"

Kesho yake alinunua miwani ya kinga, boksi zima, akaipeleka karakana ya shule. Kila mwanafunzi akapewa ya kwake. Wakampa jina la Mama Miwani, na hakulichukia. Tatizo ni kwamba hakuishia hapo. Alianza kupita kila alipotoka kazini. Anasimama mlangoni na mkoba kifuani kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. "Nati, kichwa!" "Nati, vidole!" Mwalimu wa fizikia, mlezi wa timu, alikuwa mtu wa adabu, akawa anamletea kiti. Nati alikuwa anaiva taratibu kwa hasira, na siku alipoiva sawasawa akasema:

"Mama, wenzangu wananiuliza kama unanilisha kwa kijiko. Naomba usije tena."

Wifi aliahidi. Aliniambia baadaye kwamba kuahidi ndiko kulikomzidishia woga, maana alipokuwa anaona angalau alijua kinachotokea. Sasa akiwa kazini, kila mlango ukigongwa kwa haraka alifikiri ni Nati analetwa.

Jumamosi moja asubuhi akanipigia simu. "Wifi, nipitishe pale shuleni. Sitaingia. Nitachungulia tu dirishani."

"Si umeahidi?"

"Nimeahidi kutoingia."

Ningeweza kukataa. Nilimpitia.

Karakana yao zamani ilikuwa stoo. Ina dirisha moja pana upande wa uwanja, meza ndefu zilizoungua hapa na pale kwa kuchomelea nyaya, na joto la kuokea mkate. Mwalimu alikuwa ameitwa ofisini. Tulisimama dirishani, na ndani hakuna aliyetuona. Roboti ilikuwa juu ya meza. Kepteni alikuwa ameukandamiza mkono wa roboti chini kwa viganja viwili, na Nati, ameinama juu yake, alikuwa ameshafungua mnyororo ili abadilishe gia iliyolika meno. Ndivyo walivyofanya siku zote, mmoja anashikilia, mwingine anafungua. Kwa joto lile miwani ya Nati ilikuwa imejaa ukungu, akaisogeza juu ya paji la uso.

Nilihisi vidole vya wifi vikiniingia mkononi. Kisha akapiga ukelele.

Halikuwa jina la mtoto, wala halikuwa neno. Sijawahi kusikia sauti ile kwa mtu mzima, na nimefundisha watu kuendesha gari mlimani. Kepteni aliruka. Viganja vyake vilikuwa na jasho, vikateleza. Mlio wa mkono ulivyofyatuka ulikuwa mdogo tu, kama mtu anayefungua mwavuli. Nati akakaa chini. Hakulia. Alijishika uso, na damu ikaanza kupita katikati ya vidole.

Mimi ndiye niliyekimbia ndani. Wifi alifika kizingitini akasimama, mikono inaning'inia. Mwanamke anayefungua kope za watu tangu asubuhi mpaka jioni, ameelekeza uso wake ukutani.

"Wifi, fanya kitu!"

"Siwezi kuangalia," akasema. "Wifi, mimi siwezi kuangalia."

Lakini akiwa vile vile, amegeukia ukuta, kinywa chake kiliendelea kufanya kazi. "Asilifikiche. Msilikandamize. Si kitambaa, kikombe! Tafuta kikombe cha karatasi, mfunike nacho, kisiguse jicho. Mwinueni kichwa." Kepteni alileta kikombe huku meno yakigongana. Nilimfunika Nati, nikamwongoza mpaka garini.

Mimi ninayewafundisha watu kuacha nafasi mbele ya gari, siku hiyo sikuacha. Wifi alikaa nyuma amemkumbatia binti yake, macho ameyafumba.

"Mama," Nati akasema, "upande huu naona nyekundu tu."

"Nyamaza mwanangu. Usiongee."

"Ni damu iko nje, au iko ndani?"

Kwenye kioo niliona midomo ya wifi imekuwa myeupe kama chaki.

Pale kliniki wote ni wenzake. Mlinzi alifungua geti akitabasamu, kisha akaona, tabasamu likafutika. Daktari, mwanamke mfupi wa haraka haraka, akamchukua Nati ndani, na kwa mazoea akamwambia wifi, "Njoo unishikie taa." Wifi akatikisa kichwa. Akaenda kukaa kwenye benchi la korido, lile ambalo kila siku yeye ndiye anayewaambia watu wakalie na wawe na subira. Nilikaa kando yake. Mguu wake mmoja ulikuwa unapiga sakafu, hawezi kuuzuia. Kaka yangu alifika akiwa na koti la ghala lenye vumbi, akakaa upande wa pili, akaweka mkono wake juu ya lile goti. Hakuuliza nani alifanya nini.

Nakiri kwamba niliogopa kama sijawahi kuogopa. Ila nilipomtazama wifi nikaelewa tofauti yetu. Mimi niliogopa giza, kitu nisichokijua. Yeye alijua kila chumba cha hilo giza. Kila dakika mlango ulipokaa bila kufunguka, alijua daktari anatafuta nini na kwa kifaa gani.

Mlango ulifunguka. "Jicho lipo," daktari akasema kwanza, kwa sababu alimjua anayeongea naye. "Halikupasuka. Nyusi nimeishona. Lakini damu imemwagika ndani, mbele ya mboni. Alale kichwa kimeinuka, asiiname, asikimbie, asisome. Siku hizi za mwanzo ndizo za kuogopa. Damu inaweza kutoka upya, na presha ya jicho ikipanda..."

Hakumalizia. Wifi alitikisa kichwa mara nyingi, kama mtu anayemwomba mwenzake asimalizie.

Nyumbani wakampangia Nati mito mpaka akawa amekaa zaidi kuliko kulala. Dawa ya matone aliwekewa na baba yake. Wifi alijaribu, tone likaangukia shavuni. Akampa mume wake kichupa, akatoka nje. Alimsogelea mtoto kwa vyakula, kwa shuka safi, kwa maji, lakini usoni hakumtazama. Na Nati alikuwa kimya. Ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kilio. Nyumba nzima tulitembea kwa vidole vya miguu, kila mtu akisikiliza kama atalalamika maumivu, maana maumivu mapya ndiyo ishara tuliyoambiwa tuiogope.

Nilikuwepo alasiri aliyovunja kimya.

"Mama, ulipiga kelele kwa nini?"

Wifi alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kuikunja ile moja mpaka ikawa ndogo kama leso.

"Niliona miwani iko juu ya paji la uso."

"Ungesema, 'Nati, vaa miwani.'"

"Ndiyo."

"Ningevaa."

"Najua, mwanangu. Woga ulinitangulia."

Nati akashika ukingo wa shuka. "Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa. Kila tukifungua ule mnyororo nahesabu moyoni mpaka ufungwe tena. Ila nilikuona wewe ulivyo, nikasema mimi sitakuwa hivyo. Ndiyo maana sikumwambia mtu."

Wifi aliiacha nguo, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nyusi imevimba, jicho limefunikwa. Alimtazama sana. Kisha akalia kwa sauti, na mtoto ndiye aliyekuwa akimbembeleza: "Basi, mama. Basi. Daktari kasema nisitikisike."

Kepteni naye alikuja. Alikaa sebuleni na mikono katikati ya magoti, soda yake haijaguswa.

"Mama, mimi ndiye niliyeachia."

"Nilikushtua mimi, mwanangu."

"Ningeshika vizuri..."

"Ungeshikaje, na mimi nimepiga ukelele vile?"

Wakawa wanarudishiana kosa kama watu wanaokaribishana mlangoni, pita wewe, hapana, pita wewe, mpaka sauti ikatoka chumbani: "Jamani, kosa ni la kutokuwa na komeo!"

Tukaingia. Nati alieleza akiwa amelala, kidole kikichora hewani. Hakuna haja ya mtu kuushika mkono. Toboa fremu, toboa mkono, pitisha chuma katikati. Kabla ya mtu kugusa mnyororo, chuma kiwe ndani. Kikiwa ndani, hata mnyororo ukikatika, mkono hauendi popote.

"Tumeshaamua," Kepteni akasema. "Tunarudi kwenye kile cha bolti."

"Nani kaamua?"

"Mimi. Nikiukaribia ule mkono, viganja vinalowa. Siwezi, Nati. Kweli siwezi."

Nilidhani wifi angefurahi. Ndicho alichokitaka tangu mwanzo. Lakini alikuwa anamtazama yule kijana mrefu anavyojifuta viganja kwenye suruali, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemwona ndugu yake mahali asipotaka amwone. Alikwenda kuichukua ile soda sebuleni, akamsogezea.

Shuleni mkuu alitaka timu ivunjwe kabisa. Mwalimu alisimama kidete, akakubali lawama kwamba hakupaswa kuwaacha peke yao, na mwisho wakapatana: tyubu zipunguzwe, komeo la chuma liwekwe, na hakuna kufungua kitu bila mtu mzima. Kuhusu mkono wenyewe, mwalimu alisema anayeendesha ndiye atakayeamua kama atausogeza au atauacha mahali pamoja. Hapo nadhani alikosea kidogo. Alimtwika Kepteni mzigo wote peke yake.

Siku ya mashindano damu ndani ya jicho ilikuwa imekwisha kunyonywa, na daktari alimruhusu Nati kwenda, ila akae na avae miwani. Nati akamwambia mama yake, "Uje. Lakini ukae na shangazi."

Ukumbi ulikuwa na kelele za kupasua masikio. Wifi alinishika mkono tangu mlangoni. Katika mchezo wa kwanza Kepteni aliuweka mkono wa roboti kwenye ule mwinuko wa zamani na hakuusogeza hata kidogo. Akaenda mahali pake pa zamani. Roboti ya wapinzani ikamtangulia, ikakaa. Nati, kwenye kiti nyuma yake, alikuwa anasema, "Rudi nyuma, ushushe. Ushushe." Kepteni alikuwa ameganda. Waliaibishwa.

Kabla ya mchezo wa pili nilipita nyuma yao kupeleka maji, nikawasikia.

"Unaogopa?"

"Ndiyo."

"Basi ogopa huku unaushusha."

Mchezo ulipoanza, roboti ile nyingine ikakimbilia kuziba. Kepteni akarudi nyuma mpaka karibu na ukuta, akasimama. Kifaa kilikuwa kinatetemeka mikononi mwake, tuliona kutoka viti vya juu. Mkono ukashuka polepole. Wifi akaficha uso begani kwangu. Mpira wa kwanza ukapita juu ya kapu. Wa pili ukagonga ukingo. Wa tatu ukazama, na ukumbi ukalipuka.

"Nini kimekatika?" wifi akauliza begani.

"Hakuna kilichokatika! Wamefunga!"

"Nati yuko wapi?"

"Amesimama, anaruka. Alikatazwa kuruka, lakini anaruka."

"Miwani?"

"Iko machoni."

Ndipo akainua kichwa, na akatazama mchezo mpaka mwisho bila kuniachia mkono. Walishinda huo. Uliofuata walishindwa, kwa sababu mota bila tyubu za kutosha ilipata moto, na mkono ukagoma kupanda. Hawakurudi na kikombe.

Nati anaona. Lakini mboni ya jicho lile imebaki pana kuliko mwenzake, haijifungi vizuri juani, na daktari amesema presha yake itapimwa kila mwaka maisha yake yote, maana jicho lililoumia hivyo linaweza kupofuka baadaye, hata akiwa mama wa watu. Kwa hiyo woga wa wifi sasa una anwani. Kila kipimo kinapokaribia, anapungua mwili.

Juzi nilikwenda nao. Daktari akatoka, akasema presha ni ile ile ya mwaka jana, nzuri. Tulirudi garini bila shangwe. Njiani Nati akasema kwamba wadogo wa timu sasa wanataka roboti yenye mikono miwili ya kurushia.

Taa za barabarani zikabadilika, wifi akageuka kumtazama.

"Na mnyororo ukifunguliwa," akauliza, "hiyo miwili itazuiwa na nini?"

Nati akaanza kumweleza. Wifi akamkatiza, akauliza tena, akataka kujua unene wa chuma. Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani, kwa nguvu, na aliendelea kuuliza.